Likasi: Kengele ikilia, kazi ya mwalimu bado haijaisha

Saa sita na nusu za mchana, wanafunzi wa zamu ya asubuhi wanatoka darasani mbio, huku wale wa zamu ya mchana wakingoja mlangoni. Kwa mpita njia wa Kikula au Panda, mwalimu wa asubuhi amemaliza kazi. Aliingia saa moja na nusu, anatoka saa sita na nusu. Ni saa tano tu. Ndiyo maana wengi wanasema kwamba ualimu ni kazi ya nusu siku.

Lakini mfuko anaoubeba mwalimu huyo unasema mengine. Ndani yake mna kaye za imla, jurnali ya darasa, fishi za masomo ya kesho na biki nyekundu. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa mfuko huo. Darasa likiwa na watoto 60, na mwalimu akitumia dakika 3 tu kwa kila kaye, zoezi moja linamla dakika 180, yaani saa 3. Akitoa mazoezi mawili kwa siku, moja la Kifaransa na moja la hesabu, tayari ni saa 6. Muda huo unapita ule aliokaa mbele ya tablo asubuhi yote. Na hapo bado hajatayarisha somo hata moja la kesho, hajapika, wala hajaangalia kaye za watoto wake mwenyewe.

Kila mara walimu wa Kongo wanapozungumziwa, linalosikika kwanza ni swali la mshahara, na ni haki lisikike. Lakini kuna swali la pili ambalo halina kelele: mwalimu mmoja anaweza kubeba kazi kiasi gani kabla watoto hawajaanza kulipia? Kaye isiyosomwa hailalamiki. Mtoto anayekosea herufi moja mwezi wa 10, asiposahihishwa, ataendelea kuikosea hadi mwezi wa 7, kisha atapanda nayo darasa la juu.

Mji wa kampuni, shule za kampuni

Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye barabara ya taifa namba 1 inayoelekea Kolwezi. Hadi mwaka 1966 mji huu uliitwa Jadotville. Wakaaji wake wa komini zote nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, wanajua vizuri maana ya kuishi chini ya kivuli cha kampuni. Kwanza Union Minière, halafu Gécamines, ilikuwa na viwanda, hospitali, nyumba za wafanyakazi na shule. Wazee wanaosimulia shule za enzi hizo wanazungumza juu ya madarasa yenye madawati ya kutosha na walimu waliolipwa kwa wakati.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Uzalishaji wa Gécamines ulianguka, na mishahara ya Serikali ilimezwa na kupanda kwa bei. Ili shule zisifungwe, wazazi walianza kuchanga pesa za kumtia mwalimu moyo, zile zinazojulikana nchini kote kama « prime ». Jambo lililoonekana la muda likadumu zaidi ya miaka 25. Miaka ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia nyingi za Katanga zilibaki na watoto wa kusomesha bila mshahara wa kampuni.

Basi mwalimu alikuwa analipwa na mzazi ambaye mwenyewe hana. Pesa zikichelewa, mtoto alifukuzwa darasani. Darasa lilipungua, lakini mwalimu hakupumzika kwa sababu hiyo. Alilazimika kurudia somo kwa waliorudi baada ya wiki mbili, huku akiendelea na waliobaki.

Milango ilifunguliwa kwa siku moja

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Utekelezaji wake kwa nchi nzima ulianza mwezi wa 9 mwaka 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Watoto waliokuwa nyumbani walirudi shuleni, na wengine wakaingia kwa mara ya kwanza. Wazazi wengi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru.

Lakini mlango wa shule unafunguliwa kwa siku moja, wakati kumfundisha mwalimu kunachukua miaka. Darasa halijengwi kwa agizo. Na walimu wa mijini, ambao sehemu kubwa ya mapato yao ilitoka kwenye prime ya wazazi, walijikuta na watoto wengi zaidi na pesa kidogo zaidi katika mwezi mmoja.

Nchi jirani zilipitia njia hiyo kabla ya Kongo. Uganda ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 1997, idadi ya wanafunzi ilitoka milioni 3 hivi na kupita milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilifanya hivyo mwezi wa kwanza mwaka 2003, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Kote huko hadithi ilikuwa moja: madarasa yalifurika, na wa kwanza kuhisi uzito alikuwa mwalimu. Si kwamba elimu ya bure ilikuwa kosa. Ni kwamba watoto wanahesabiwa siku wanayoingia, na kazi wanayoleta haihesabiwi.

Kazi isiyoonekana

Chukua mfano wa mwalimu wa darasa la nne, mama mwenye watoto 60 mbele yake, ambao wanamwita Madamu. Yeye peke yake anafundisha Kifaransa, hesabu, sayansi, historia, jiografia, uraia, nyimbo, michoro na mazoezi ya mwili. Katika shule ya msingi ya Kongo, mwalimu mmoja ndiye anayebeba darasa lake lote, asubuhi hadi kufunga.

Kabla ya kuingia, anatakiwa awe na jurnali ya darasa iliyojazwa na fishi za masomo yake. Akiingia, anajaza rejista ya waliokuja na wasiokuja. Akitoka, anasahihisha na kuandika pointi katika kaye ya pointi. Mwisho wa kila kipindi anajumlisha, anatafuta asilimia, anajaza buletini moja moja kwa mkono. Inspekta akipita, karatasi hizo ndizo anazoziomba kwanza. Mwalimu aliyefundisha vizuri lakini jurnali yake ina pengo anaweza kuonekana mvivu.

Lugha inaongeza uzito. Watoto wengi wa Likasi wanazungumza Kiswahili nyumbani na barabarani. Kifaransa wanakutana nacho darasani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi shuleni, na ni jambo jema. Lakini tatizo la hesabu lililoandikwa kwa Kifaransa, Madamu analieleza mara mbili: kwanza maneno, halafu hesabu yenyewe. Muda wa kueleza maneno hauandikwi popote kwenye ratiba.

Mwalimu wa darasa la sita ana lake: ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ambao wazazi wanautumia kumpima yeye kama wanavyompima mtoto.

Sekondari nako hesabu ni nzito kwa njia nyingine. Mwalimu wa Kifaransa mwenye madarasa 4 ya wanafunzi 50 ana kopi 200 kwa kila mtihani mdogo. Kwa dakika 5 kila kopi, ni dakika 1,000, yaani zaidi ya saa 16. Hizo ni siku mbili kamili za kazi, bila kufundisha saa hata moja.

Anachoweza kupunguza mwenyewe

Mzigo huu una sehemu tatu. Kuna sehemu ambayo mwalimu anaweza kuipunguza peke yake, kuna sehemu inayobebwa na shule nzima, na kuna sehemu ambayo ni ya Serikali tu. Kuzichanganya ni hatari. Mwalimu akiambiwa kila kitu kinategemea yeye, atavunjika. Akiambiwa hakuna anachoweza mpaka Kinshasa ijibu, atangoja huku kaye zikirundikana.

Sehemu ya kwanza inaanza na biki nyekundu. Si kila zoezi linahitaji jicho la mwalimu kwenye kila kaye. Zoezi la hesabu linaweza kusahihishwa kwenye tablo, kila mtoto akirekebisha lake kwa rangi nyingine, au wakibadilishana kaye na jirani wa dawati. Mwalimu anapita katikati ya safu akitazama. Kwa njia hiyo watoto 60 wanapata jibu siku hiyo hiyo, na kwa mtoto anayejifunza, jibu la leo lina thamani kuliko alama ya wiki ijayo.

Kazi ya kuandika, kama imla au insha fupi, inahitaji jicho la mwalimu. Hapo kuna dawa ya zamu. Watoto 60 wakigawanywa katika makundi 4 ya watoto 15, mwalimu anachukua nyumbani kaye 15 kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi. Kwa dakika 3 kila moja, ni dakika 45 kwa siku badala ya saa 3 za usiku mmoja. Ijumaa inabaki wazi. Kila mtoto anasomwa kwa makini mara moja kwa wiki, bila kukosa. Ni kidogo kuliko inavyotakiwa, lakini ni zaidi ya kaye zilizotiwa alama ya « vu » bila kusomwa.

Kosa likijirudia kwenye kaye nyingi, halihitaji kuandikwa mara 60. Mwalimu analiandika kwenye karatasi yake, na kesho yake analitumia kama somo la dakika 10 kwa darasa zima.

Maandalizi nayo yana njia. Fishi iliyoandikwa vizuri mwaka huu, ikiwekwa kwenye faili kwa mpangilio, mwaka ujao itahitaji kurekebishwa tu. Anayetupa fishi zake mwezi wa 7 anajiandalia usiku mrefu mwezi wa 9. Vilevile pointi: zikijumlishwa kila Ijumaa, buletini za mwisho wa kipindi hazigeuki kuwa siku tatu bila usingizi.

Na kuna swali la mpaka. Madamu ni mwalimu, lakini pia ni mama, mke, muimbaji wa kanisa, na mara nyingi mwenye shamba kidogo au meza ya kuuzia vitu mbele ya nyumba, kwa sababu mshahara hautoshi mwezi. Akikosa kuweka saa ambayo mfuko wa kaye unafungwa, hautafungwa kamwe. Siku moja ya wiki bila biki nyekundu si uvivu.

Kubeba pamoja

Sehemu ya pili inategemea direkta na walimu wenzake. Shule za Kongo zina desturi ya vikao vya walimu vinavyoitwa « cellule de base », ambamo walimu wanajadili masomo na njia za kufundisha. Mahali ambapo kikao hicho ni cha kusoma barua za kutoka juu tu, kinaongeza kazi. Mahali ambapo walimu wa darasa la nne A na la nne B wanakaa na kugawana maandalizi, mmoja akiandaa hesabu za wiki na mwingine Kifaransa, kinapunguza kazi kwa nusu.

Kikao hicho pia ni mahali pa kumsaidia mwalimu mpya. Kijana aliyemaliza humanités za pedagojia na kupewa watoto 60 siku ya kwanza anahitaji mtu wa kumwonyesha jinsi ya kugawa darasa katika makundi na jinsi ya kumpa mtoto mmoja wa kila kundi kazi ya kukusanya kaye. Ni mambo madogo yanayookoa dakika 20 kila asubuhi.

Direkta ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani. Ndiye anayeamua karatasi ipi ya ndani ya shule ni ya lazima na ipi ni mazoea tu. Ndiye anayeweza kupanga zamu ya kulinda uwanja ili isiwaangukie walimu wale wale. Ndiye anayeweza kumkinga mwalimu mgonjwa asirudishwe darasani kwa aibu.

Wazazi nao wana viti vyao rasmi: kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya usimamizi, COGES. Elimu ya bure ilifuta malipo, haikufuta ushirikiano. Mzazi anayefungua kaye ya mtoto jioni na kuitia sahihi anampunguzia mwalimu kazi bila kutoa faranga hata moja. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwomba mtoto amsomee kwa sauti. Hata akikosa kuelewa Kifaransa, atasikia mahali mtoto anapokwama.

Mzigo wa Serikali

Hata hivyo, hakuna ujanja wa kaye unaoweza kugeuza watoto 60 kuwa 30. Hiyo ni sehemu ya tatu.

Tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 1966, mwaka ule ule Jadotville ilipoitwa Likasi, UNESCO na Shirika la Kimataifa la Kazi walipitisha pendekezo kuhusu hali ya walimu duniani. Siku ya Walimu Duniani inayoadhimishwa kila tarehe 5 mwezi wa 10 inatokana nalo. Pendekezo hilo linasema idadi ya wanafunzi darasani iwe ile inayomwezesha mwalimu kumshughulikia kila mmoja. Linasema pia kwamba, katika kupanga saa za kufundisha, lazima kuangalia idadi ya wanafunzi, muda wa kutayarisha na kusahihisha, idadi ya masomo tofauti ya siku, na muda wa kuzungumza na wazazi. Kwa maneno mengine, mfuko wa kaye ulihesabiwa kama kazi tangu wakati huo.

Kongo bado ina walimu wanaofundisha bila kuingia kwenye orodha ya malipo, wale wanaoitwa « nouvelles unités », kwa kifupi NU. Ofisi ya DINACOPE, iliyochukua nafasi ya SECOPE, ndiyo yenye kazi ya kusimamia orodha hiyo na kuandaa mishahara. Mwalimu asiyelipwa anatafuta riziki kwingine. Siku asipokuja, mwenzake anaunganisha madarasa mawili. Hivyo jina linalokosekana kwenye orodha Kinshasa linageuka kuwa watoto 100 mbele ya mwalimu mmoja huku.

Migomo nayo inatokea hapo. Mwezi wa 10 mwaka 2021 walimu waliweka biki chini, na tarehe 14 watoto wa shule waliingia hadi ndani ya Bunge, Kinshasa, wakidai walimu wao warudi. Majadiliano kati ya Serikali na sendika yalifanyika Bibwa, na jina la mahali hapo limebaki kuwa jina la mapatano. Mwezi wa 9 mwaka 2024 walimu wa mikoa kadhaa waligoma tena, madai yakiwemo mshahara wa dola 500. Kila mgomo unapomalizika, wiki zilizopotea hazifutwi kwenye programu. Zinasukumwa ndani ya wiki zilizobaki, na mwalimu aliyegoma kwa sababu ya uchovu anarudi kwenye kazi iliyoongezeka.

Mwili unapokataa

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza rasmi hali ya kuchoshwa na kazi hadi kuishiwa. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakizai matunda tena.

Kwa mwalimu, dalili ya pili ndiyo ya kuangalia. Anayewapenda watoto akianza kuwaona kama maadui, anayepiga kelele kwa jambo dogo, anayefika mlangoni mwa darasa na kutamani kurudi nyumbani, huenda si mwalimu mbaya. Huenda ni mwalimu aliyebeba peke yake sehemu zote tatu za mzigo kwa miaka mingi. Kumwambia mwenzake au direkta mapema ni bora kuliko kungoja siku ambayo hataweza kusimama.

Hasara ya siku hiyo haibaki kwake. Katika mji wa madini kama Likasi, mwalimu mwenye miaka 15 ya kazi anaweza kutafuta nafasi kwenye kampuni, hata ya kuandika magari yanayoingia na kutoka. Akiondoka, nafasi yake inaweza kujazwa mwezi ujao. Lakini uzoefu wa kumtambua mtoto aliyekwama nyuma ya dawati la mwisho, kabla mtoto mwenyewe hajasema neno, unaondoka naye.

Jioni, umeme ukiwepo au taa ikiwashwa, mfuko unafunguliwa juu ya meza. Kama zamu imepangwa, ndani mna kaye 15, si 60. Mwalimu anasoma ya kwanza, anaona mtoto ameandika « b » mahali pa « d » kwa mara ya tatu wiki hii, anaandika jina lake pembeni. Kesho atamwita karibu na tablo kwa dakika mbili.